Gari Halikuwa Letu

Fungua albamu ya zamani katika nyumba yoyote ya Kiamaiko, na kabla hujafika katikati utakutana na mtu aliyeegemea gari. Mguu uko juu ya bampa, kiganja kwenye boneti, kidevu kimeinuliwa, na macho yanamtazama mpiga picha kama yanamdai. Uliza gari lilikuwa la nani, na wenye nyumba watacheka kabla ya kujibu. Lilikuwa la tajiri wa mbuzi, la mwajiri, la bwana harusi wa jirani, au la mpita njia aliyeegesha akaingia hotelini kunywa chai, akatoka na kukuta watu waliovalia nguo za Idi wakisubiri zamu ya kusimama kando yake.

Wapo wanaozidharau picha hizi. Wanasema ni majivuno ya wasio nacho, mtu kujipamba kwa mali ya mwenzake. Nimezikagua za ukoo wetu, upande wa baba na upande wa mama, na naona wamekosea. Katika picha hizo gari ndilo linaloshika tarehe. Uso hausemi mwaka. Babu alivaa koti moja tangu ujana hadi akapata wajukuu. Gari lina umbo, lina kiwanda, lina namba iliyosajiliwa serikalini. Tena lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ndiye aliyekuwa ameshika riziki ya yule aliyeliegemea. Anayetaka kujua ukoo wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, umepitia mikono ya nani, aanze na magari.

Kiamaiko ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Mathare. Imebanwa kati ya Huruma na Mto Mathare, na Outer Ring Road haiko mbali. Nairobi nzima inaijua kwa mbuzi. Malori yanaingia gizani kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale; kabla jua halijachomoza machinjio yamefurika, na wenye bucha wa Eastlands wanasukumana na madalali huku mikokoteni ikitafuta pa kupita. Wachinjaji wengi ni Waborana. Wapo pia Wasomali na Waburji, na kina mama wa Kikuyu na wa Kamba wanaonunua matumbo, vichwa na miguu wakapike supu mitaani. Mtoto wa hapa hutofautisha mngurumo wa lori lililobeba na wa lori tupu kabla hajajua kuhesabu.

Upande wa baba, sisi tulishuka kutoka kwenye lori, na picha ya lori hilo tunayo. Ni ya rangi, ila rangi zimechakaa kwa ile namna ya picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980: kijani kimetoroka, bluu imetoroka, umebaki wekundu mpaka angani. Lori ni Bedford, jina limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Bodi ni ya mbao, na katika nafasi za mbao hizo pua za mbuzi zimejitokeza zikitafuta hewa. Babu amesimama kwenye kipandio cha upande wa dereva, mkono mmoja umeshika kioo cha pembeni. Kukaa kwenye usukani hakuruhusiwa, hata kwa picha. Alikuwa tanboi.

Kwa kijana wa kaskazini kufika hapo kwenye kipandio haikuwa safari ya kilomita peke yake. Babu alizaliwa ng'ambo ya Marsabit, katika ile nchi pana ambayo serikali ya kikoloni iliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na wenyeji wanaiita NFD hadi leo. Sheria ya 1902 iliifungia, na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikakaza kamba. Ulihitaji kibali kuingia, ukahitaji kibali kutoka, na Isiolo ilikuwa mlango. Mifugo nayo ilizuiwa kwa karantini, maana masetla wa Laikipia na Timau waliogopa maradhi yasifike kwa ng'ombe wao. Mwaka 1950 ilipoundwa Tume ya Nyama ya Kenya, na kiwanda chake kikawa Athi River, mfugaji wa kaskazini alikuwa bado mtu wa kupangiwa: auze lini, auzie wapi, auze kwa bei gani.

Uhuru ulimkuta akiwa mvulana, na haukuja na magari ya kuegemea. Tarehe 28 Juni 1963 waliuawa safarini Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, pamoja na Chifu Haji Galma Dido wa Moyale, wakiwahimiza watu wabaki Kenya badala ya kujiunga na Somalia. Watu wa Nairobi wanaopita Wabera Street kutafuta chakula cha mchana wanakanyaga jina lake. Mwezi Desemba mwaka huohuo, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Waborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mbali na malisho, na ngamia na ng'ombe wakateketea kwa maelfu. Babu alipoulizwa juu ya magari ya miaka hiyo alikuwa na jibu fupi: yalikuwa ya jeshi, na ukiyasikia unalala kifudifudi.

Ndiyo maana napenda kulitazama lile Bedford. Ni gari la kwanza katika maisha yake alilolisogelea kwa hiari.

Lilikuja na njaa. Ukame wa 1984 uliwamaliza mbuzi wa nyumba yao, na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Lori lilipanda kaskazini na magunia ya mahindi hayo, likashuka na mbuzi walionunuliwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu ambao wangewapoteza bure wiki inayofuata. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa Isiolo. Alihitaji kijana mwepesi anayewajua mbuzi, babu akapanda.

Kazi ya tanboi wa lori la mbuzi haielezeki kwa mtu aliyezoea kuona makanga akining'inia mlangoni. Dereva anatazama mbele. Mbuzi ni wa tanboi. Anatembea juu ya vyuma vya bodi lori likikimbia, kurunzi mdomoni, akiinama kuangalia kama kuna mnyama aliyelala. Mbuzi wakibanwa pamoja wakasimama, wanafika. Mmoja akilala, wenzake wanamkanyaga, na akifa, fidia yake inatoka kwenye mshahara wa tanboi. Kwa hiyo anashuka katikati yao, anamshika kwa pembe na kwa mkia, anamwinua, anampa ubavu wa mwenzake aegemee. Kutoka Moyale hadi Isiolo ni karibu kilomita 500, na wakati huo zote zilikuwa changarawe, vumbi na mawe ya volkano. Magari yalisafiri kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma, kwa kuogopa majambazi wa Merille na Laisamis. Lami ilikuja kukamilika hadi Moyale katika miaka ya 2016 na 2017. Siku hizi basi linaondoka Eastleigh jioni na asubuhi abiria wako mpakani. Wajukuu wanalala njia nzima.

"Mbuzi akilala, wewe huwezi lala," alikuwa akituambia. "Mimi nimefika Nairobi bila kuona njia. Niliona migongo tu."

Picha ilipigwa Isiolo, na haikupigwa kwa ajili ya babu kujiona. Nakala ilitumwa kaskazini kwa lori lingine ili mama yake ajue yu hai na ana kazi. Ile picha ilikuwa barua ya mtu asiyejua kuandika. Koti lilisema anakula. Kile kipandio kilisema nani anamlisha. Ilirudi Kiamaiko baada ya miaka mingi, mama yake alipofariki, ikiwa imekunjwa mara nne, na mikunjo hiyo imekata lori vipande vinne ambavyo hakuna gundi iliyoweza kuviunganisha vizuri. Huwa nawauliza wale wanaosema habari za majivuno: mwenye lori alilala kwake Isiolo, babu akaamkia juu ya vyuma. Nani alikuwa na haki zaidi ya kusimama pale?

Alipofika Kiamaiko aliona machinjio ya mabanda, akaona watu wanaozungumza lugha yake, akashusha mbuzi na hakupanda tena. Alianza kwa kubeba nyama begani, akawa mchuna ngozi, mwishowe mchinjaji.

Sasa nije kwenye namba, kwa kuwa ndizo zilizozua ugomvi. Zamani namba za magari ya Kenya ziliandikwa kwa maandishi meupe juu ya ubao mweusi, herufi tatu zikifuatwa na tarakimu. Mwaka 1989 herufi zilikaribia kwisha, ukaanza mtindo wa KAA wenye herufi moja ya ziada mwishoni, na ndio tulio nao, ukiwa umepitia KBA mwaka 2007, KCA mwaka 2014 na KDA mwaka 2020. Mtu wa gereji anaitazama namba na kukutajia umri wa gari papo hapo. Kwa picha kuna tahadhari: namba haisemi picha ilipigwa lini, inasema tu haikuweza kupigwa kabla ya lini.

Shangazi yetu ana picha ya harusi ambayo ameitundika sebuleni juu ya televisheni. Yeye na mumewe wamesimama mbele ya Peugeot 504 nyeupe iliyofungwa riboni, wageni wamejipanga pembeni, na mtoto mmoja mtukutu ametoa ulimi. Peugeot 504 ilikuwa gari la heshima. Iliunganishwa Mombasa, wakuu wa idara walipewa, na zile ndefu za abiria zilikimbia kutoka Nairobi hadi Nakuru na Kisumu kwa mwendo uliowafanya watu wasali. Shangazi amesema siku zote kwamba aliolewa mwaka 1987. Binamu yangu mmoja, mwanawe, fundi wa magari, akasogea karibu na picha siku ya futari moja, akasoma namba. KAA, tarakimu tatu, na herufi mwishoni. Akageuka taratibu kumtazama kaka yake mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1988.

Kimya kikaanguka juu ya sambusa.

"Nikaha ilikuwa 1987," shangazi akasema bila kuweka kikombe chini. "Hiyo ni sherehe. Pesa ya sherehe ilipatikana baadaye. Nyinyi mliosoma, mnasoma gari, hamsomi watu."

Akatueleza kisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: kwamba mahari ilibaki nusu, kwamba baba mkwe alikuwa amepoteza mifugo wote katika ukame uleule wa 1984, kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa mke bila harusi na wanawake wa machinjioni walimsema. Gari lilikodiwa kutoka kwa ofisa mmoja wa serikali aliyekaa Buruburu. Na yule mtoto aliyetoa ulimi, mbele ya kila mtu, ndiye kaka mkubwa mwenyewe. Ametundikwa juu ya televisheni kwa zaidi ya miaka 30 na hakuna aliyemtambua.

Wapiga picha wenyewe wanastahili neno, ingawa majina yao hayako nyuma ya picha. Walipita mitaani siku za Krismasi, Idi na Jumapili wakiwa na Yashica au Zenit shingoni na filamu ya picha 36, wakichukua arubuni na kurudi wiki iliyofuata na bahasha. Mwingine alirudi, mwingine akaonekana tena Krismasi nyingine. Waliokuwa na uwezo walipanda basi hadi Uhuru Park au KICC. Kule Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kivukoni walijenga vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, meli na ndege na majumba, ili anayesubiri feri aondoke kwa picha kabla hajaondoka kwa maji. Lamu, mji wa punda ambako gari lilikuwa kioja, Omar Said Bakor aliunda picha kwa mkasi na gundi, akampeleka mteja mahali ambapo miguu yake haikufika. Na mbali magharibi, Bamako, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 na baadhi ya wateja wake wakapigwa wakiwa na Peugeot 203, ambayo ilikuwa ya Keïta mwenyewe. Kwa hiyo watu wa Kiamaiko hawakubuni kitu. Tofauti yao ni kwamba hapa gari halikuwa la mpiga picha wala halikuwa la kuchorwa. Liliegeshwa tu na mtu mwingine, na kulikuwa na dakika chache kabla hajarudi.

Upande wa mama kuna gari lisilo na picha. Shosho, mama yake mama, hakuhitaji picha kulikumbuka.

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza na polisi, watu wapatao 25,000 chini ya Jenerali George Erskine, waliizingira Nairobi. Waliiita Operesheni Anvil. Mtaa kwa mtaa, Bahati, Pumwani, Kariokor, Eastleigh, Mathare, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje na kuketishwa chini. Wengine walipitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye kutikisa kichwa kwake kulitosha. Wanaume walipakiwa kwenye malori kwenda Lang'ata kuchujwa, na kutoka hapo wengi walipelekwa Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto walirudishwa vijijini. Vibanda vya bonde la Mathare vikabomolewa.

Shosho alikuwa msichana aliyekuja mjini kumsaidia dada yake kuuza mboga. Aliona shemeji yake akipanda lori. Alichokihifadhi kichwani ni mlango wa nyuma wa lori: ulikuwa na minyororo miwili, mmoja ulikatika, ukafungwa kwa waya, na askari aliyeufunga alijikata kidole akalaani kwa Kiingereza. Rangi ya lori hakuikumbuka. Namba hakuiona, na wakati huo hata kusoma hakujua. Picha za siku ile zipo, zilipigwa na watu wa magazeti na wa serikali, na zimechapishwa vitabuni: safu za watu wamekaa chini mikono kichwani, na malori nyuma yao. Nilimpelekea shosho mojawapo ikiwa imekuzwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kila lori, akairudisha. Hapakuwa na lori lenye waya.

Shemeji alirudi Hali ya Hatari ya wakoloni ilipokuwa ikielekea kwisha. Ilifutwa rasmi Januari 1960. Alirudi na kikohozi, na maisha yake yote hakukubali kupanda nyuma ya gari lolote. Alipopewa lifti ya pikapu alikaa mbele, au alitembea. Shosho naye alirudi Mathare katika miaka ya 1960, na kufikia 1969 kampuni za kununua ardhi zilikuwa zinapandisha vyumba vya mbao bondeni, akapata kimoja. Huko ndiko mama na ndugu zake walikokulia. Katika albamu yake, ambayo ina picha nyingi za ubatizo na chache za mazishi, hakuna hata moja ambayo shosho ameegemea gari. Mwanzoni nilidhani ni dini.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 naipita haraka, kwani kila nyumba ya Mathare ina toleo lake. Kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh iko karibu, na wanajeshi waliojaribu kupindua serikali ya Moi walijitwalia magari ya raia kadiri walivyoyahitaji. Pikapu ya Datsun ya jirani yetu ilichukuliwa asubuhi na ikapatikana siku kadhaa baadaye bila kioo cha mbele. Kabla ya hapo jirani huyo alikuwa na picha yake ukutani, yeye na Datsun na wanawe watatu. Aliishusha, akaificha chini ya godoro, kwa kuwa msako ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba na hakutaka kuulizwa gari liko wapi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 Mto Mathare ulivunja kingo usiku. Mvua ya msimu ule iliua watu katika bonde lote, na wiki chache baadaye yakaja matingatinga ya serikali kubomoa nyumba zilizo kando ya mto. Mama mdogo, dada yake mama, alikuwa anaishi chini kabisa. Aliokoa watoto, mtungi wa gesi, na, kwa sababu ambazo hajazieleza, sanduku la picha badala ya nguo.

Maji yalikuwa yameingia sandukuni. Picha zilishikamana zikawa tofali moja. Wengine wangezibandua kwa nguvu, na ule utando wenye picha ungetoka na kubaki mgongoni mwa nyingine. Mama mdogo alimuuliza mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi studio River Road, akaambiwa: usibandue, loweka. Akajaza karai maji safi, akalitumbukiza lile tofali, akakaa. Matope yalitoka kwanza. Baada ya muda kona moja ikaachia, halafu nyingine, na akawa anazitelezesha moja baada ya moja kwa ncha za vidole, akizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kati ya soksi za wajukuu. Nyingine zilikuwa zimekwisha. Ubatizo mmoja ulibaki mishumaa bila mtoto. Lakini ilitoka picha ambayo kila mtu alidhani ilipotea tangu shosho ahame Mathare. Mjomba na Peugeot 404.

Hii inahitaji maelezo. Kwa vijana wa Eastlands wa miaka ya 1960 na 1970, Pasaka ilikuwa Safari. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kumheshimu malkia, ziligeuka kuwa sikukuu ya watu ambao hawakuwa na habari na malkia. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 akiendesha Volvo na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alijulikana hata kwa watoto wanaosukuma magari ya waya. Ila kwa watu wa gereji mfalme alikuwa Peugeot 404. Nick Nowicki alishinda nalo mwaka 1963 na 1968, na mara zote mbili magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, mengine yote yakamezwa na matope. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania akashinda nalo mfululizo. Baada ya mbio, mitaani kukazuka 404 nyingi zilizochorwa duara mlangoni na namba ndani yake.

Katika picha ya karai, mjomba amekaa kwenye boneti ya mojawapo ya hizo. Suruali ni ile pana chini, nywele ni mlima, na miguu ameitandaza mbele kana kwamba yeye ndiye aliyelitoa gari kwenye matope ya Taita. Duara la mlangoni limechorwa kwa chokaa na namba haieleweki. Taa ya mbele ya kushoto imepasuka. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa umakanika katika gereji ya Juja Road, na maisha yetu yote ametuambia kwamba gari lile lilishindana kwenye Safari.

Yule binamu fundi alijaribu kumbana. Akamweleza kwamba mwaka wa 1968 waliomaliza ni 7 na majina yao yanajulikana, na kwamba 404 ya mjomba haimo.

"Nilisema lilishindana," mjomba akajibu. "Nani alisema lilimaliza?"

Tukaamua kutumia namba, kama tulivyofanya kwa shangazi. Picha ilikuwa imekauka, tukaipiga kwa simu, tukaikuza. Mapindo ya ile suruali pana yamefunika ubao wote isipokuwa herufi ya kwanza, K, ambayo karibu kila gari la Kenya linayo. Tukamuuliza basi atutajie mwenye gari, kwani picha ina zaidi ya nusu karne na hakuna atakayemfunga mtu kwa kukalia boneti. Mjomba akaichukua picha, akaifuta kwa kiwiko cha sweta, akaitia mfukoni.

"Mwenyewe yuko hai," akasema, "na bado ananidai hiyo taa."